Kipimo Kimoja cha Presha Hakitoshi

Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha ya kupanda, na kwamba asilimia 56 hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Wengi husubiri kichwa kiume kwanza, ilhali presha huweza kula figo, moyo na mishipa ya ubongo miaka mingi bila mwenyewe kuhisi lolote. Kampeni za kupima watu sokoni zinasaidia, ila zina kasoro yake. Presha haitulii mahali pamoja. Aliyefika mbio, akakaa foleni amebana mkojo, akapimwa huku anaongea, ataandikiwa namba isiyo yake. Wengine hupandisha kwa kumwona daktari tu. Wapo pia wa kinyume chao, ambao presha yao iko sawa kliniki lakini nyumbani iko juu. Hawa ndio wanaonitia wasiwasi zaidi, maana huambiwa ni wazima.

Ndiyo maana natetea kujipima nyumbani. Huko Ohasama, Japani, wanakijiji waliofuatiliwa tangu miaka ya 1980 walionyesha kwamba vipimo vya nyumbani hutabiri vifo vizuri kuliko vya kliniki. Nchini Uingereza, jaribio la mwaka 2018 lenye wagonjwa 1,182 liliwakuta waliojipima wakiwa na wastani wa namba ya juu wa 137 baada ya mwaka, wenzao 140. Tofauti yenyewe si kubwa, na haikuletwa na mashine peke yake: madaktari walirekebisha dawa kwa kufuata vipimo hivyo.

Wapo wahudumu wanaohofu kwamba mtu mwenye mashine atajipima kila saa, aingiwe na kiwewe, au aache dawa siku namba ikishuka. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni utaratibu. Pumzika dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, achana na za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani. Ukifika 135/85 au zaidi, mpelekee daktari daftari lako. Vidonge usivibadilishe mwenyewe. Namba ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua au udhaifu wa upande mmoja, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Pingamizi la bei ni zito zaidi. Lakini mashine moja inatosha ukoo mzima, au chama cha akina mama. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, na mikoba yao ina mashine ya presha. Wakiruhusiwa kuiazimisha kwa wiki moja nyumbani kwa mwenye namba ya kutilia shaka, badala ya kupima mlangoni na kuondoka, gharama itakuwa betri na daftari.