Baada ya Upasuaji, Tezi Dume Bado Ipo

Mzee amefanyiwa upasuaji wa tezi dume iliyokua, mkojo ukatoka vizuri, miaka ikapita. Kisha mgongo unaanza kumuuma, na vipimo vinaonyesha saratani ya tezi dume imefika kwenye mifupa. Familia inauliza kwa uchungu: tezi si ilishatolewa? Au kisu ndicho kilichoichokoza?

Tezi ikikua, inayovimba ni sehemu ya ndani, inayozunguka mrija wa mkojo. Daktari, apitie njia ya mkojo au afungue tumbo, huondoa sehemu hiyo tu, kama mtu anayekomba nyama ya chungwa akaacha ganda. Na takriban asilimia 70 ya saratani za tezi dume huanzia kwenye ganda hilo. Ukuaji wa kawaida haugeuki saratani, wala upasuaji hauizalishi. Ni magonjwa mawili yanayoweza kukaa ndani ya tezi moja: saratani huenda ilikuwapo kimya siku ile ya upasuaji, au ilianza baadaye katika sehemu iliyobaki.

Ndiyo maana nyama iliyotolewa inapaswa kupelekwa maabara ya patholojia. Wakati mwingine saratani hugunduliwa hapo, bila mtu kuitarajia. Majibu yakikosa kufuatwa, nafasi hiyo inapotea. Hata yakiwa safi, yanaelezea nyama iliyotolewa tu, si ile iliyobaki.

Kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, nacho husomwa upya. Baada ya upasuaji PSA hushuka, kwa kuwa nyama nyingi iliyokuwa ikiizalisha imeondoka. Mtu ambaye PSA yake ilishuka hadi 0.8, kisha ikapanda hadi 1.6, kisha 3, anaweza kuambiwa yuko chini ya 4, kikomo kilichozoeleka, hivyo hana shida. Lakini kupanda huko kunahitaji uchunguzi.

Saratani hii hupenda mifupa ya uti wa mgongo na nyonga. Maumivu ya mgongo yasiyoisha, hasa usiku, yasiachiwe uzee. Miguu ikilegea, mkojo au choo kikishindikana, mgonjwa awahishwe hospitali siku hiyohiyo, kwani uti wa mgongo ukibanwa, kila saa ina thamani.

Hata ikiwa imesambaa, tiba ipo. Tangu daktari Charles Huggins aonyeshe mwaka 1941 kwamba kupunguza homoni za kiume huidhoofisha saratani hii, wagonjwa wengi wamepata nafuu ya maumivu na kuongezewa miaka. Kwa aliyefanyiwa upasuaji, kazi ya kwanza ni kuyadai majibu ya nyama yake, kisha kukubaliana na daktari lini atapima tena.