Jina Baada ya Ushahidi: Utambuzi wa Makopo ya Kale ya Tumbaku ya Java na Nakshi Zake

1. Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kuvitambua vyombo vya kale vya metali kutoka kisiwa cha Java, Indonesia, ambavyo huitwa makopo ya tumbaku. Hoja kuu ni kwamba nakshi hueleza mapokeo ambayo fundi aliyarithi, lakini peke yake haithibitishi umri wa chombo wala kazi yake. Jina la chombo, kwa hiyo, linapaswa kutolewa mwishoni. Suala hili linamhusu pia mwandishi wa Kiswahili, kwa kuwa lebo moja yenye kosa katika orodha ya makumbusho hunakiliwa vitabuni na kuzaa historia isiyokuwapo.

2. Kikomo cha Wakati

Tumbaku ni mmea wenye asili ya bara la Amerika. Maandishi ya nyakati ya Kijava huhusisha kuwasili kwake na mwaka 1601, mwaka aliofariki Panembahan Senapati, mtawala wa Mataram. Chombo kilichotangulia enzi hizo kwa mbali hakiwezi kuwa kilitengenezwa kwa ajili ya tumbaku. Mfano mzuri ni prasen, vyombo vya Watengger wa Java Mashariki vyenye alama za buruji na taswira za mtindo wa wayang. Prasen zenye tarehe ni za karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15, na makuhani walizitumia kuwekea maji matakatifu. Anayetazama umbo na nakshi tu anaweza kuziita makopo ya tumbaku. Tarehe zake zinamkanusha.

3. Metali na Ufundi

Katika Kiswahili neno shaba hutumika kwa metali zaidi ya moja, hivyo peke yake halitoshi. Maelezo yanapaswa kubainisha iwapo ni shaba tupu, shaba iliyochanganywa na zinki, au shaba iliyochanganywa na bati. Kisha huchunguzwa ufundi. Chombo kilichosubiwa kwa kalibu ya nta huwa na ukuta mzito, na nakshi zake huweza kutokea pamoja na mwili wenyewe. Kilichofuliwa kutoka bamba huwa chepesi, na mara nyingi upande wa ndani huonyesha mabonde pale ambapo nje pameinuka. Kifuniko nacho ni ushahidi: tumbaku hukauka upesi, hivyo kopo lililokusudiwa kuihifadhi huhitaji kifuniko kinachobana.

4. Alama za Matumizi

Wajava walitafuna tambuu pamoja na popoo, chokaa na gambir, na baadaye tumbaku ikaongezwa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaufahamu uraibu wa namna hiyo, na anajua kwamba kila kiambato huweza kuwa na chombo chake. Kopo dogo la Java linaweza kuwa sehemu ya seti ya tambuu. Ukoko mweupe ndani huashiria chokaa. Mabaki ya majani yaliyokatwakatwa huashiria tumbaku. Hata hivyo, mabaki hushuhudia matumizi ya mwisho, nayo huenda si yale aliyoyakusudia fundi.

5. Nakshi

Nakshi zinazojirudia ni vikonyo vinavyojipinda, viitwavyo lung-lungan. Ua la yungiyungi. Pembetatu zilizopangwa ukingoni, yaani tumpal. Ruwaza ya banji, yenye misalaba iliyopindwa ncha na asili ya Kichina. Na uso wa kala wenye macho yaliyotokeza. Katika mahekalu ya Java ya Kati, kala kwa kawaida hana taya la chini. Katika yale ya Java Mashariki mara nyingi huwa nalo. Tofauti hiyo husaidia kutambua mapokeo ambayo fundi aliyafuata.

Haisaidii vivyo hivyo kupata tarehe. Vikonyo na yungiyungi vimechongwa katika hekalu la Prambanan la karne ya 9, miaka 700 hivi kabla ya tumbaku kufika. Mafundi wa fedha wa Kotagede, karibu na Yogyakarta, walizitumia tena nakshi hizo katika miaka ya 1930. Vyombo vyao mara nyingi hugongwa muhuri wa 800, yaani sehemu 800 za fedha katika kila 1,000. Muhuri huo mdogo chini ya kitako huweza kueleza umri kuliko mapambo yote ya ubavuni.

6. Hitimisho

Utambuzi makini hufuata mpangilio: metali, ufundi, kifuniko, mabaki, nakshi, na hatimaye jina. Pale ushahidi usipotosha, maelezo kama “kopo la shaba na zinki lenye kifuniko, nakshi za vikonyo, Java” ni bora kuliko “kopo la tumbaku”. Maelezo hayo humwachia mtafiti ajaye njia wazi. Jina lililotolewa kwa haraka humfungia.