Posho, Ujira na Fidia: Haki za Raia Wanaolitumikia Jeshi Kusini mwa Maniema

Raia anayelitumikia jeshi, awe mpishi, dereva, fundi au mpagazi, hana cheo wala kiapo, na kwa hiyo pensheni ya askari haimhusu. Wakati huohuo mara nyingi hana mkataba wa maandishi, ambao ndio nguzo ya mfanyakazi wa kampuni anapodai chake. Kwa wakazi wa Kasongo na Kabambare, miji ya kusini mwa Maniema nchini Kongo, utumishi wa aina hii ni wa zamani. Njia ya misafara iliyounganisha miji hiyo na Ziwa Tanganyika ilipitisha pembe na watumwa kabla majeshi ya Dola Huru ya Kongo hayajaiteka Kasongo mwezi Aprili 1893 na Kabambare mwezi Januari 1894, na watawala wapya, walipoirithi njia, walirithi pia desturi ya kusafirisha kila kitu vichwani mwa watu.

Desturi hiyo ilifikia kilele katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Force Publique, yaani jeshi la koloni la Wabelgiji, lilipoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuuteka mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wapagazi waliohusishwa na vita hivyo upande wa Kongo hukadiriwa kuwa 260,000, idadi inayowazidi askari mara nyingi. Mtu aliyewekewa ngata kichwani na mzigo wa kilo 25 au zaidi juu yake alistahili posho, yaani chakula cha siku, pamoja na ujira wa muda aliobeba. Alipougua kuhara au kichomi njiani na kuachwa nyuma, stahili zake zilikoma pale pale, na mjane wake hakuwa na daftari la kumwonyesha mtu yeyote. Upande wa Waingereza haukuwa na huruma zaidi: ujira wa wapagazi wengi waliokufa wa Carrier Corps, yaani kikosi chao cha wapagazi, haukuwafikia warithi wao, na serikali ya London ilikataa baadaye kuutoa hata kwa manufaa ya jamii zao.

Sheria ya kimataifa ilikuja kwa kuchelewa. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, ambao Kongo imefungwa nao tangu 1960, uliruhusu kwa muda kazi za kulazimishwa huku ukiziwekea masharti: ujira ulipwe kwa fedha, siku za kwenda kazini na kurudi nyumbani zihesabiwe kuwa siku za kazi, na fidia ya ajali imfikie aliyelazimishwa sawa na mfanyakazi wa hiari. Hata hivyo, mkataba huo hauhesabu kazi ya dharura ya vita kuwa kazi ya kulazimishwa, na huo ndio mlango ambao kamanda yeyote anaweza kupitia.

Leo ni lazima kutofautisha watu wa aina tatu. Mtumishi wa umma aliyeajiriwa rasmi katika Wizara ya Ulinzi yuko chini ya sheria ya watumishi wa dola ya mwaka 2016. Dereva wa kampuni iliyopewa zabuni ya kulipelekea jeshi mahitaji yuko chini ya Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002, na mwajiri wake hana budi kumchangia asilimia 13 ya mshahara katika hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, CNSS, huku yeye akikatwa asilimia 5. Michango hiyo hugharimia pensheni, posho za familia na fidia ya ajali za kazini. Wa tatu, kijana anayeitwa barabarani abebe masanduku ya risasi hadi kambi inayofuata, ndiye asiye na kinga inayofanya kazi, na ndiye anayefanana zaidi na mpagazi wa mwaka 1916.

Kibarua wa kampuni inayolipelekea jeshi mahitaji ana silaha moja ambayo wachache wanaijua: Kanuni ya Kazi inasema kwamba aliyeajiriwa kwa siku, akishafanya kazi siku 22 katika miezi miwili kisha akaitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo, na pasipo maandishi mfanyakazi anaruhusiwa kuuthibitisha mkataba kwa ushahidi wa aina nyingine. Basi vibarua wa Kasongo na Kabambare waandike kila siku ya kazi, jina la aliyewaita na mashahidi waliokuwapo, kisha wapeleke daftari hilo kwa mkaguzi wa kazi kabla malipo hayajageuka ugomvi.