Sikio la Simu

"Mjomba, ati simu ya bibi inatusikiliza?"

Swali zuri hilo, wapwa zangu! Anayeuliza hivyo hadanganyiki ovyo. Ngoja tuiulize yenyewe.

"Nasikia," simu ikajibu. "Mkipiga soga za alizeti hapa Sepuka, nasikia na kusahau. Nangoja jina langu tu. Mkisema 'Hey Google', au mkibonyeza alama ya maikrofoni, naamka. Hapo maneno yenu nayapeleka kwenye kompyuta kubwa za kampuni, huko mbali. Jibu likipatikana, nawaletea."

"Na usipoitwa?"

"Mara nyingine neno hufanana na jina langu. Basi naamka bure, na maneno yanakwenda."

"Yakifika huko, je?"

Mwenye duka mnamjua, wapwa zangu. Ukikopa robo ya sukari, daftari linaandikwa. Ukikopa mafuta ya taa, daftari linaandikwa. Kesho hakuulizi mengi, anakuhudumia upesi. Lakini anayelisoma daftari lile atajua mna deni, mna mgeni, hata mna mgonjwa. Kampuni nayo ina daftari lake, na humo sauti zenu zinaweza kubaki.

"Basi tuitupe simu!"

Taratibu! Bibi herufi ndogo hazioni tena. Tangu 2017 Google inaandika Kiswahili kinachosemwa. Bibi anatamka, "Gunia la alizeti bei gani leo?" Maneno yanajipanga kwenye kioo, ujumbe unafika Singida mjini, wala hakumwomba mtu amwandikie. Siri yake na mnunuzi, ninyi wajukuu hamkuijua. Kampuni je?

"Daftari linaandikwa!"

Mmeshika! Tena kuna sauti za watoto. Mwaka 2023, serikali ya Marekani iliishtaki kampuni ya Amazon kwamba msaidizi wake wa sauti, Alexa, alihifadhi sauti za watoto hata wazazi walipotaka zifutwe. Amazon ikakubali kulipa dola milioni 25.

"Na kwetu, mjomba?"

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume ya kuisimamia. Una haki ya kuuliza: mmeandika nini kunihusu?

Sasa kazi yenu. Kaeni na bibi, mfungue mipangilio ya simu. Msomeeni kila programu iliyoruhusiwa kutumia maikrofoni. Ile ya kuandikia ujumbe huenda akaitaka. Mchezo wa kupanga matofali unataka sikio la nini? Uzimeni. Ila mwulizeni kwanza, maana simu ni yake na siri ni zake.