Kubana Matumizi na Hesabu ya Kustaafu Mapema

Katika utumishi wa umma wa Tanzania na wa Kenya, mtumishi wa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na nchini Marekani mtu aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye hupata pensheni kamili ya serikali akitimiza miaka 67. Hata hivyo, limekuwapo nchini humo kundi la watu wasiokubali kungoja umri huo, na kinachowatofautisha na wengine si urithi wala bahati ya biashara, bali ni uamuzi wa kuishi kwa sehemu tu ya mshahara, kuwekeza inayobaki, na kuacha ajira wakiwa na miaka 30 au 40 na kitu. Vuguvugu hilo hujulikana kwa herufi FIRE, ambazo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya uhuru wa kifedha na kustaafu mapema. Uhuru wa kifedha, kwa matumizi ya watu hao, ni hali ambayo mapato yatokanayo na mtaji wa mtu, kama vile hisa, hatifungani au nyumba za kupangisha, yanatosha kulipia gharama zake zote za maisha bila kutegemea mshahara. Kwa hiyo si sawa na utajiri, kwani anayeishi kwa dola 30,000 kwa mwaka anaweza kuwa nao, ilhali daktari bingwa anayepokea dola 300,000 na kuzimaliza zote hana.

Fikra yenyewe ni kongwe kuliko jina lake. Mwaka 1845 mwandishi Henry David Thoreau alijenga kibanda kando ya bwawa la Walden, karibu na mji wa Concord katika jimbo la Massachusetts, kwa gharama aliyoiandika hadi senti ya mwisho: dola 28 na senti 12 na nusu. Aliishi humo miaka miwili na miezi miwili, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1854 alieleza kuwa kazi ya wiki kama sita kwa mwaka ilitosha kukidhi mahitaji yake yote. Ni vema kukumbuka, jambo ambalo wafuasi wake hulipitia haraka, kwamba kiwanja kilikuwa mali ya rafiki yake Ralph Waldo Emerson na kwamba nyumbani kwao hakukuwa mbali. Hata hesabu ya mtu aliyejinyima vile ilikuwa na mchango wa wengine usioandikwa.

Aliyeigeuza fikra hiyo kuwa utaratibu unaofuatika na mfanyakazi wa mjini ni Joe Dominguez, mchambuzi wa masuala ya fedha wa Wall Street huko New York, aliyeacha kazi mwaka 1969 akiwa na miaka 31 na ambaye mwaka 1992, pamoja na Vicki Robin, alichapisha kitabu *Your Money or Your Life*. Hoja yao kuu ni kwamba fedha ni saa za uhai alizouza mtu, na kwamba bei aliyoziuzia huwa ndogo kuliko anavyodhani. Mathalani, mfanyakazi anayebaki na dola 1,000 kwa wiki baada ya kodi, kwa saa 40 za kazi, husema analipwa dola 25 kwa saa. Lakini akitoa dola 200 za mafuta ya gari, chakula cha mchana kinachonunuliwa kwa kukosa muda wa kupika, nguo za ofisini na malipo ya mlezi wa mtoto, anabaki na dola 800. Na akijumlisha saa 10 anazozimaliza barabarani na katika kujiandaa, saa zake ni 50. Malipo yake halisi ni dola 16, na simu ya dola 800 anayoitamani imemgharimu wiki nzima ya maisha yake. Baada ya hapo hakatazwi kuinunua. Hutakiwa tu kujiuliza kama inastahili wiki hiyo.

Swali lililobaki lilikuwa la kiasi: mtaji unaotosha ni upi? Jibu lililoenea lilitolewa mwaka 1994 na William Bengen, mshauri wa fedha wa California aliyesomea uhandisi wa anga, ambaye alichukua kumbukumbu za soko la Marekani kuanzia mwaka 1926 na kupima mstaafu wa kila mwaka angeweza kuchota kiasi gani bila fedha kumwishia katika miaka 30. Alibaini kuwa aliyegawa mtaji wake kati ya hisa na hatifungani, akachota asilimia 4 katika mwaka wa kwanza, kisha akawa anakiongeza kiasi hicho kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, yaani kupanda kwa bei za bidhaa kwa jumla, asingeishiwa hata kama angestaafu katika kipindi kibaya kuliko vyote. Kipindi hicho hakikuwa cha mdororo mkuu wa mwaka 1929, kama wengi wanavyodhani, bali cha mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu aliyestaafu wakati huo alikutana na anguko la soko la 1973 na 1974 pamoja na bei zilizopanda kwa muongo mzima. Maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity, Texas, walichapisha mwaka 1998 uchunguzi uliofikia matokeo yanayokaribiana na hayo. Wasomaji wa Tanzania waliofuatilia mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kugawa mafao kati ya malipo ya mkupuo na pensheni ya kila mwezi, watatambua kuwa suala ni lile lile, isipokuwa kwamba katika vuguvugu hili mstaafu hujikokotolea mwenyewe na hana mfuko wa kuulaumu.

Asilimia 4 ikigeuzwa ina maana kwamba mtaji unaohitajika ni mara 25 ya matumizi ya mwaka, na hapo ndipo kubana matumizi kunapopata nguvu ambayo kuongezewa mshahara hakuna. Shilingi au dola iliyopunguzwa katika matumizi hufanya kazi mbili kwa pamoja: huongeza akiba inayowekezwa, na wakati huo huo hushusha kiwango cha mtaji kinachotafutwa. Tuseme mtu anabaki na dola 60,000 kwa mwaka baada ya kodi, na uwekezaji wake unakua kwa asilimia 5 baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Akitumia 54,000 na kuweka 6,000, anahitaji mtaji wa dola 1,350,000, na atafanya kazi takriban miaka 51 kuupata. Akitumia 30,000 na kuweka 30,000, anahitaji dola 750,000 tu, na miaka 17 inamtosha. Akiweza kuweka robo tatu ya mapato yake, muda hushuka hadi miaka saba hivi. Mshahara wenyewe haukubadilika popote katika mifano hii. Uwiano wa akiba na mapato ndio uliobadilika. Kwa kipimo hicho hicho, gharama ndogo ya dola 100 kwa mwezi, ikiwa itaendelea maisha yote, inadai mtaji wa dola 30,000.

Mawaidha ya magazeti kuhusu kuacha kikombe cha kahawa cha asubuhi hayagusi kiini cha jambo. Takwimu za serikali ya Marekani kuhusu matumizi ya kaya huonyesha mwaka hadi mwaka kwamba makazi huchukua karibu theluthi moja ya matumizi yote, usafiri karibu sehemu moja ya sita, na chakula karibu sehemu moja ya nane. Kwa hiyo anayehamia nyumba ndogo iliyo karibu na kazini, akauza gari la pili na akapika nyumbani, amefanya zaidi ya atakachofanya mwenye kubishania senti dukani kwa miaka kumi. Peter Adeney, mhandisi wa programu aliyestaafu mwaka 2005 akiwa na miaka 30 na baadaye akawa mwandishi anayesomwa sana katika vuguvugu hili, huhubiri baiskeli kwa bidii inayokaribia imani ya dini. Lakini chini ya mahubiri hayo kuna hesabu sahihi, kwa kuwa gari nchini Marekani hula fedha kwa njia ya mafuta, bima, matengenezo na kushuka thamani, na nyumba ya mbali na kazini ndiyo inayolifanya gari liwe la lazima.

Upande wa uwekezaji, chombo kinachotegemewa ni mfuko unaofuata faharisi ya soko, yaani mfuko unaonunua hisa za kampuni zote zilizomo katika orodha fulani badala ya kumlipa meneja achague zipi zitapanda. Mfuko wa kwanza wa namna hiyo kwa wawekezaji wa kawaida ulianzishwa na John Bogle wa Vanguard mwaka 1976, na sifa yake kubwa ni ada ndogo. Dominguez mwenyewe hakuutumia. Alishauri hatifungani za serikali ya Marekani, ambazo mwanzoni mwa miaka ya 1980 zililipa riba ya zaidi ya asilimia 10. Riba hizo ziliposhuka ushauri wake ukapitwa na wakati, na toleo jipya la kitabu lililotolewa na Robin mwaka 2018 likaelekeza wasomaji pia kwenye mifuko ya faharisi. Sehemu ya kitabu kuhusu matumizi ilidumu, ile ya uwekezaji ikazeeka.

Udhaifu wa mpango huu hauko katika hesabu zake. Uko kwanza katika mshahara, kwa sababu mwenye kipato cha chini ambaye kodi ya pango na chakula humaliza robo tatu ya mapato yake hawezi kuweka nusu, ajinyime atakavyojinyima, na ni jambo la kuudhi kumsikia mhandisi wa programu akimwambia kwamba tatizo lake ni nidhamu. Uko pili katika matibabu. Mmarekani asiye mzee wala maskini hupata bima ya afya hasa kupitia mwajiri, na bima ya serikali kwa wazee huanza akiwa na miaka 65, hivyo anayestaafu akiwa na miaka 40 ana robo karne ya kujitegemea; sheria ya mwaka 2010 inayotoa ruzuku ya bima kwa kuzingatia kipato imewasaidia, lakini maana yake ni kwamba uhuru wao umejengwa juu ya sheria ambayo bunge linaweza kuibadilisha. Tatu, Bengen alipima miaka 30, naye aliyestaafu akiwa na miaka 35 huenda akahitaji 50 au 60. Mwaka 2022, hisa na hatifungani zilipoanguka pamoja huku mfumuko wa bei wa Juni ukifikia asilimia 9.1, ulionyesha jinsi mgawanyo wa mali unavyoweza kushindwa kumlinda mtu pale anapouhitaji. Wenye busara katika vuguvugu hili huchota chini ya asilimia 4, au hubaki na kazi ndogo ya kuwaingizia sehemu ya matumizi.

Kazi hiyo ndogo ndiyo inayofichua kinachotafutwa kwa kweli. Jacob Lund Fisker, mwanafizikia wa Denmark aliyechapisha mwaka 2010 kitabu cha kustaafu mapema kwa kubana matumizi kupita kiasi, alirudi kazini kwa miaka kadhaa katika kampuni ya fedha Chicago. Adeney naye aliendelea na useremala na uandishi uliomletea kipato. Wakosoaji husema watu hawa hawajastaafu, na kwa maana ya kamusi wana haki. Lakini mtu anayeweza kuikataa kazi mbaya Jumatatu bila kuhofia kodi ya pango ya mwisho wa mwezi amepata kitu ambacho pensheni haitoi, na kukiita kustaafu au kutokiita hakumpunguzii chochote.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, tahadhari inayotangulia zote ni kwamba asilimia 4 ni tunda la historia ya soko moja. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na mfuko wa Umoja, wa kwanza kati ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya taasisi ya UTT, ulianza mwaka 2005. Hakuna kumbukumbu ya miaka 70 ya kupimia mstaafu wa Kitanzania. Kenya ina soko la zamani zaidi, lililoundwa mwaka 1954, lakini mfumuko wa bei nchini humo ulifika karibu asilimia 46 mwaka 1993, kiwango ambacho hakuna mwaka wowote wa kipimo cha Bengen unaokikaribia. Riba ya hatifungani za serikali katika nchi hizi huwa kubwa na huvutia, ila anayeila yote bila kurudisha sehemu kwenye mtaji anakula pia thamani ya shilingi yake.

Kuna pia gharama ambayo vitabu vya Marekani havina safu yake. Ada ya mtoto wa dada, kadi ya mchango wa harusi, rambirambi, na matibabu ya mzazi kijijini si anasa za kukatwa, kwa kuwa ndizo zinazomfanya mtu azikwe na watu na mtoto wake asomeshwe akifa mapema; katika nchi ambazo wengi hawana pensheni, jamaa ndio mfuko wa hifadhi. Anayezifuta ili afikie mara 25 amepunguza matumizi na kuvunja bima yake kwa mkupuo mmoja. Anayeziacha nje ya hesabu naye anajidanganya, maana zitakuja tu, na aghalabu zitakuja siku ambayo soko limeshuka. Basi anayetaka kujua kama njia hii inamfaa aandike kwanza matumizi yake ya miezi 12 mfululizo, michango yote ikiwemo, azidishe jumla yake kwa 25 au hata 30, ndipo aende kuuliza habari za mifuko na hatifungani.