Mionzi na kiwanda cha damu: Kwa nini mgonjwa wa saratani hapaswi kukosa kipimo

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MGONJWA wa saratani anayeanza tiba ya mionzi hupimwa damu kabla ya kulala chini ya mashine kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo hupimwa tena, kwa kawaida kila wiki, hadi siku ya dozi ya mwisho.

Wapo wagonjwa wanaouona utaratibu huo kuwa ni usumbufu. Wanajiuliza: ikiwa saratani iko kwenye mlango wa kizazi, damu ya mkononi inahusikaje? Wapo pia wanaosikia kuwa mionzi "inakausha damu", wakaingiwa na hofu na kurudi nyumbani kabla ya kumaliza tiba.

Makundi yote mawili yanahitaji jibu moja, nalo linapatikana ndani ya mifupa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ndiyo pekee iliyokuwa ikitoa tiba ya mionzi nchini, na mgonjwa wa Mwanza, Mara au Kagera alilazimika kusafiri zaidi ya kilometa 1,000 kuifuata. Leo huduma hiyo inapatikana pia katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachotazama Jiji la Mwanza.

Safari imefupika, lakini tiba yenyewe bado huchukua wiki kadhaa na hudai uvumilivu.

Kiwanda kilichomo mifupani

Damu haitengenezwi moyoni wala kwenye ini la mtu mzima. Hutengenezwa kwenye uboho, yaani ule utomvu laini uliomo ndani ya mifupa.

Uboho wa manjano anaounyonya mla supu kwenye mfupa wa mguu wa ng'ombe ni mafuta kwa sehemu kubwa. Uboho unaozalisha damu ni mwekundu. Kwa mtoto mdogo hujaa karibu katika mifupa yote, lakini kwa mtu mzima hubaki hasa kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu, kidari, fuvu na ncha za juu za mifupa ya mapaja na mikono.

Ndani ya uboho huo zimo seli chache sana ziitwazo seli shina. Seli shina moja inaweza kujigawa ikazaa seli nyingine mfano wake, na pia ikazaa seli za kati ambazo huongezeka haraka na kukomaa kuwa chembe za damu za aina zote.

Chembe nyekundu hubeba oksijeni, chembe nyeupe hupambana na maradhi, na chembe sahani huzuia damu isivuje. Kwa mtu mzima mwenye afya, chembe nyekundu peke yake huzalishwa takriban bilioni 200 kila siku.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ushahidi wa kwanza ulio wazi wa kuwapo kwa seli hizo ulitokana na mionzi. Mwaka 1961, wanasayansi James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, waliwapiga panya mionzi hadi uboho wao ukaharibika, kisha wakawadunga uboho wa panya wazima. Katika wengu za panya hao yalichipuka mafundo madogo ya seli za damu, na baadaye ilithibitika kuwa kila fundo lilitokana na seli moja tu.

Mionzi hufanya nini?

Mionzi inapopita mwilini hukutana zaidi na maji, kwa kuwa maji ndiyo sehemu kubwa ya kila seli. Huyapasua maji hayo na kuzaa kemikali kali ambazo hushambulia vinasaba. Wakati mwingine hukata vinasaba moja kwa moja.

Kinasaba kina nyuzi mbili zilizosokotana. Ukikatika uzi mmoja, seli hutumia ule mwingine kama kielelezo na kurekebisha kasoro. Zikikatika nyuzi zote mbili mahali pamoja, ukarabati huwa mgumu na hukosewa kwa urahisi.

Kiasi cha mionzi kinachofyonzwa na mwili hupimwa kwa grei. Dozi ya grei 1 inakadiriwa kusababisha mikato ya nyuzi mbili takriban 40 ndani ya kila seli.

Seli iliyoshindwa kujirekebisha hujiua yenyewe, au hufa pale inapojaribu kugawanyika. Ndiyo maana seli zinazogawanyika kwa kasi, zikiwamo za saratani na zile seli za kati za uboho, hupata pigo kubwa zaidi. Seli shina nyingi huwa zimetulia bila kugawanyika, hivyo baadhi yake hunusurika dozi ndogo na kuanza kujenga upya.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mionzi haikaushi damu iliyomo mishipani. Inachofanya ni kupunguza uzalishaji mpya, na matokeo yake huonekana baadaye. Ni sawa na ghala la unga ambalo kinu chake kimesimama: ghala haliishi siku hiyo hiyo, bali hupungua kadiri watu wanavyochota.

Chembe za kinga aina ya limfosaiti hushuka kwanza, ndani ya saa chache hadi siku 2, kwa kuwa hizo hufa hata bila kugawanyika. Chembe nyeupe nyingine na chembe sahani hufuata, kwani sahani huishi siku 7 hadi 10 tu. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, hivyo upungufu wake hujitokeza polepole.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa anaweza kujisikia vizuri leo ilhali kiwanda chake kimeshalegea. Kipimo cha picha kamili ya damu huliona hilo kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Funzo la Chernobyl

Ulimwengu ulijionea hali hiyo kwa uchungu katika ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, Aprili 26, 1986. Wafanyakazi na askari wa zimamoto 134 walipata ugonjwa mkali wa mionzi, na 28 kati yao walifariki mwaka huo huo. Madaktari walitumia kasi ya kushuka kwa limfosaiti kukadiria ni dozi kiasi gani kila mmoja aliipata, na wagonjwa 13 walipandikizwa uboho.

Inafahamika kwamba mwili mzima ukipigwa zaidi ya grei 1 kwa mara moja, uboho huathirika kiasi cha mtu kuugua. Ikifika karibu grei 4 bila matibabu, takriban nusu ya waliopigwa hufa ndani ya siku 60, hasa kwa maambukizi na kuvuja damu.

Je, picha ya eksirei ya kifua ina hatari hiyo? La hasha. Eksirei moja ya kifua humpa mtu takriban milisiveti 0.1, wakati grei 1 ya mionzi ya aina hiyo ni sawa na milisiveti 1,000. Binadamu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. CT-Scan ya tumbo huwa na dozi kubwa zaidi, takriban milisiveti 10, nayo haiwezi kusimamisha uboho, ingawa haifai kufanywa bila sababu ya kitabibu.

Swali linalofuata ni la haki: ikiwa grei 4 zinaweza kuua, kwa nini mwenye saratani ya mlango wa kizazi hupewa grei 45 hadi 50?

Kuna sababu mbili. Kwanza, dozi hiyo haielekezwi kwenye mwili mzima bali kwenye nyonga tu. Pili, hugawanywa katika vipande vidogo vya takriban grei 2, siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi. Kati ya kipande na kipande, seli nzima hupata nafasi ya kujirekebisha kuliko zile za saratani.

Hata hivyo, nyonga na pingili za chini za uti wa mgongo hubeba karibu asilimia 40 ya uboho unaofanya kazi kwa mtu mzima. Mgonjwa akipewa pia dawa za saratani kwa dripu, kama inavyofanyika mara nyingi, uboho hupigwa kutoka pande mbili. Uboho uliopigwa dozi kubwa unaweza kugeuka mafuta moja kwa moja, lakini ule wa mifupa mingine huongeza kazi na kuziba pengo.

Upungufu wa damu hupunguza nguvu ya tiba

Wagonjwa wengi huanza tiba wakiwa tayari wana upungufu wa damu. Saratani ya mlango wa kizazi yenyewe huvujisha damu. Kandokando ya Ziwa Victoria yapo pia malaria, kichocho, minyoo na selimundu, ambayo yote hula akiba ya damu.

Upungufu huo si uchovu tu. Mionzi huua vizuri zaidi penye oksijeni, na oksijeni hubebwa na chembe nyekundu. Seli za saratani zenye uhaba mkubwa wa oksijeni huweza kuhitaji dozi kubwa mara 2 hadi 3 ili zife. Ndiyo maana madaktari wengi hupenda himoglobini isishuke chini ya gramu 10 kwa desilita wakati wa tiba, na huongeza damu inapobidi. Hapo ndipo uchangiaji kupitia Mpango wa Taifa wa Damu Salama unapogusa moja kwa moja tiba ya saratani.

Kukatisha tiba kuna gharama yake. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inashauriwa tiba yote ikamilike ndani ya wiki 8. Kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban nusu asilimia hadi asilimia 1. Mgonjwa aliyetoka Ukerewe au Bukoba akirudi nyumbani kwa wiki mbili kwa kuogopa damu kupungua, huipa saratani nafasi ya kuota tena.

Ni kweli kwamba madhara ya muda mrefu yapo. Seli shina iliyonusurika ikiwa na kasoro inaweza kuzaa saratani ya damu miaka kadhaa baadaye. Kwa walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945, ongezeko la ugonjwa huo lilianza kuonekana baada ya takriban miaka 2 na kufikia kilele kati ya mwaka wa 6 na wa 8. Kwa mgonjwa wa tiba, hatari hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya saratani iliyoachwa bila kutibiwa.

Wanaofanya kazi na mionzi hulindwa kwa njia nyingine. Huvaa kifaa kidogo kinachorekodi dozi, chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kiwango cha kimataifa kwao ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka.

Kwa aliye kwenye tiba, ulinzi ni kufika kila siku aliyopangiwa, kutokosa kipimo cha damu na kutumia chandarua. Aidha, akipata homa inayozidi nyuzi 38, akivuja damu puani au kwenye fizi, au akiona madoa mekundu ya ghafla kwenye ngozi, awahi hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri kliniki ya wiki inayofuata.