Mbwa Koko Apatapo Mwenyewe

Usiku unapokuwa mkubwa Kariakoo, Dar es Salaam, maduka ya Mtaa wa Kongo yakiwa yamefungwa na wachukuzi wamekwisha kuiegesha mikokoteni yao kando ya njia, hutoka vichochoroni mahuluki ambao mchana hatuwatazami ila kwa kuwafukuza: mbwa koko, wanaotafuta riziki yao katika masalio ya mama lishe, vichwa vya samaki, ngozi za kuku na makombo ya ugali, wakizunguka toka Gerezani hata Mnazi Mmoja, na wengine wakishuka mpaka bonde la Jangwani ambako Mto Msimbazi huacha taka za kila namna baada ya mafuriko. Wingi wao haupangwi na marungu ya walinzi wala mawe ya watoto. Hupangwa na wingi wa chakula kinachotupwa, na kwa sababu hiyo mji wenye watu zaidi ya milioni 5, kama sensa ya mwaka 2022 ilivyobainisha, hauwezi kukosa mbwa madhali majalala yake yako wazi. Tukishakubali kwamba wapo na watakuwapo, linalobaki kwetu ni kuchagua kati ya mbwa asiye na mwenyewe wala chanjo, na mbwa mwenye jina, mahali pa kulala na cheti cha daktari wa mifugo. Rai yangu ni kwamba mkazi wa Ilala, Upanga au Kisutu anayetaka mbwa wa kulinda ua wake angefanya jambo la busara, kwa nafsi yake na kwa siha ya mji mzima, lau angemchukua mmoja wa hao koko.

Wengi wanaotaka mbwa mjini huanza kwa kuulizia mtoto wa mbwa wa kizungu, hususan yule wa Kijerumani mwenye masikio yaliyosimama, wakidhani kwamba koko ni mbwa aliyeharibika, mabaki ya mbwa waliowahi kuletwa na wageni kisha wakazaana ovyo. Elimu ya nasaba imeibatilisha dhana hiyo. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, wakabainisha kwamba katika sehemu nyingi walizozichunguza mbwa hao si machotara wa mbwa wa Ulaya, bali ni kizazi cha asili chenye historia yake katika bara hili. Mwaka 2018 wachunguzi wengine waliusoma urithi wa mbwa wa Kiafrika wakaona ndani yake dalili za kuzoea vimelea vya nchi za joto, jambo ambalo mbwa aliyezalishwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya hakupata wasaa wa kulirithi.

Hata ugali wenyewe una ushahidi wake. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Uppsala, Sweden, walilinganisha mbwa na mbwa mwitu wa kijivu, wakakuta kwamba mbwa mwitu ana nakala 2 tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kumeng'enya wanga kongoshoni, ilhali mbwa wa nyumbani huwa na nakala kuanzia 4 hata 30. Maana yake ni kwamba katika maelfu ya miaka ya kukaa jirani na watu, mbwa aligeuka kimaumbile akawa mlaji wa nafaka zetu, hata yule anayelamba sufuria ya mama lishe pale Mtaa wa Mkunguni anafanya kazi ambayo mwili wake uliandaliwa kwayo tangu zama za wakulima wa kwanza.

Na usuhuba huu ni wa kale kuliko kilimo. Katika kaburi lililofukuliwa mwaka 1914 huko Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, palionekana mifupa ya mwanamume na mwanamke waliozikwa pamoja na mbwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Wataalamu walipoyachunguza upya meno ya mbwa yule waliona alama za maradhi ya distempa, ugonjwa ambao aghalabu huua upesi. Naye alikuwa angali mdogo, wa miezi ipatayo sita, na alikuwa ameugua kwa majuma kadhaa kabla ya kufa. Mbwa mgonjwa wa umri ule hawindi wala halindi. Kuishi kwake majuma yote yale kunafahamika tu ikiwa kulikuwa na mtu aliyemnywesha, aliyemsafisha na kumfunika ngozi wakati wa baridi, wala hakutaraji malipo. Nikiulizwa kumlea mbwa mnyonge ni desturi ya nani, mimi husema ni ya wanadamu wote, kwa kuwa watu wale walikuwako kabla ya mataifa yote tunayoyajua leo.

Tabia ya mbwa nayo ina majira yake. Katika kitabu chao cha mwaka 1965, John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi huko Bar Harbor, Marekani, walieleza kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, takriban tangu juma la 3 hata la 12 la umri wake, ambamo huamua viumbe gani ni jamaa zake na sauti zipi ni za kawaida. Asiyemwona mwanadamu kabisa katika kipindi hicho huenda akamwogopa maisha yake yote. Naona hapa koko wa sokoni ana fadhila ambayo haisemwi. Kibwa kilichozaliwa nyuma ya vibanda vya Mtaa wa Swahili kimefumbua macho katikati ya matangazo ya wauza mitumba, honi za bodaboda, adhana, muziki na miguu ya watu isiyohesabika. Kikifika nyumbani kwako hakitatetemeka kwa mlio wa mlango.

Lakini anayezungumzia mbwa wa njiani bila kutaja kichaa cha mbwa huwa amewadanganya wasomaji wake. Maradhi haya, ambayo yanakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wa Asia na Afrika, huletwa na kirusi kinachoingia mwilini kwa mate ya mnyama mgonjwa, aghalabu kwa kung'atwa. Hakipiti katika damu. Hushika mishipa ya fahamu na kupanda taratibu, sentimita chache kwa siku, hata kifike ubongoni, kisha kikateremka kwenye tezi za mate kungojea jeraha jingine. Safari hiyo huchukua majuma au miezi, na humo ndimo ilimo nafasi ya uokovu: aliyeng'atwa akiosha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha akaenda hospitali kuanza sindano za kinga bila ya kuchelewa, huokoka. Dalili zikishadhihiri, tiba hakuna, na mauti ni kama yakini. Miongoni mwa wang'atwao na wanyama wanaoshukiwa, wapatao asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15, na hili peke yake linatosha kuufanya mjadala wa mbwa kuwa mjadala wa wazazi.

Tangu Julai 6, 1885, siku ambayo Louis Pasteur alianza kumdunga chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa vibaya, dunia imejua kuwa maradhi haya yanazuilika. Yaliyobaki kujulikana yamejulikana kwa sehemu kubwa katika nchi yetu. Katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro watafiti, akiwamo Katie Hampson, waliifuatia kila habari ya mbwa mwenye kichaa kutoka boma hadi boma, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, chini ya mbwa wawili. Moto huo si mkali. Kinachoufanya udumu ni sisi kuuachia kuni. Mbwa wakichanjwa asilimia 70 ya wote walioko mahali, mnyororo wa maambukizo hukatika, na kinga hiyo hubaki hata baadhi yao wakifa na vibwa vipya kuzaliwa kabla ya chanjo ya mwaka unaofuata.

Tutazame basi ile dawa nyingine, ya bunduki na sumu, ambayo husikika ikipendekezwa kila mara mtoto anapong'atwa. Uchungu wa mzazi yule naufahamu, na anayeudharau hana insafu. Lakini ushahidi hauko upande wa sumu. Kichaa kilipoingia kisiwa cha Flores, Indonesia, mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa maelfu, na maradhi yakabaki palepale. Sababu si fumbo: wenye mbwa huwaficha au huwahamishia mtaa mwingine, pamoja na maradhi yao, waliokwisha kuchanjwa hufa sawa na wasiochanjwa, na kinga iliyogharimiwa hupotea nao, na jalala linalobaki na chakula huwaita wengine toka mitaa ya jirani. Fauka ya hayo, uchunguzi uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba wengi wa mbwa tunaowaona wakizurura wana wenyewe na huweza kushikwa na kuchanjwa, kwa hiyo anayewapiga risasi anamwulia jirani yake mlinzi.

Pemba inatupa mizani iliyo wazi kuliko yote. Wilaya za kisiwa hicho zilikuwa miongoni mwa wilaya 28 za mradi wa kuonyesha njia ya kukitokomeza kichaa, ulioanza mwaka 2010. Wachunguzi wakiongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara waliunganisha ufuatiliaji wa kila aliyeng'atwa na usomaji wa urithi wa kirusi chenyewe, wakatambua minyororo 5 ya maambukizo iliyokuwa ikizunguka kisiwani. Kwa chanjo ya kila mwaka, yote ikakatika kufikia Mei 2014. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 kirusi kikaingizwa tena mara mbili, maradhi yakazuka upya, na hayakukoma hata Oktoba 2018, baada ya chanjo kurejeshwa kisiwa kizima. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliambukizwa tena kwa kulegea kwa muda mfupi, Kariakoo, ambako mabasi na malori ya kila mkoa huteremka, haina ngome yoyote ila chanjo iliyomo katika miili ya mbwa wake.

Wako watakaosema, na wana haki ya kusikilizwa kwa heshima, kwamba nyumba ya Mwislamu si mahali pa mbwa. Wengi wa watu wetu wa pwani ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi na huamuru chombo alichokiramba kioshwe mara saba, moja yake kwa udongo. Hukumu hiyo haimaanishi ukatili. Mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda shamba ameruhusiwa, na wako wanazuoni waliowalinganisha na hao mbwa wa kulinda nyumba. Tena katika hadithi mashuhuri mtu alisamehewa dhambi zake kwa kuteremka kisimani kumtekea maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Mbwa alalaye uani, mwenye chombo chake mwenyewe na asiyeingia panaposaliwa, anaweza kufugwa bila ya kuvunja mpaka wowote.

Vituo vya kuwahifadhi mbwa wasio na wenyewe si vingi katika Afrika ya Mashariki, ingawa viko: karibu na Arusha, huko Usa River, kiko kituo cha Mbwa wa Africa, na Nairobi iko jumuiya ya kutetea wanyama, KSPCA. Mkazi wa Kariakoo aghalabu humpata mbwa wake kichochoroni, au kwa mlinzi wa usiku aliyezoea kumgawia chakula. Popote atokapo, mgeni huyo huja na hofu. Michael Hennessy na wenzake huko Ohio walipima, mwaka 1997, homoni ya dhiki katika damu ya mbwa walioletwa kituoni, wakaikuta imepanda mno katika siku 3 za mwanzo kuliko baadaye. Basi usimhukumu mbwa kwa tabia ya siku hizo, wala usimkusanyie watoto wa mtaa mzima kumshangaa. Huko Budapest, Márta Gácsi na wenzake walionyesha mwaka 2001 kuwa mbwa wazima wa kituoni waliokaa na mtu mara 3 tu, kila mara dakika 10, walianza kumtendea kama mtu wao. Kolkata nako, Anindita Bhadra na wanafunzi wake waliona mwaka 2017 kwamba mbwa wa mitaani aliyepapaswa mara kwa mara na mgeni humwamini upesi kuliko aliyepewa nyama. Huwa narudia kuyasoma matokeo hayo, kwa sababu yanahusu mbwa wa jiji lenye masoko na msongamano kama letu, ambao tumezoea kuamini kuwa hawafuati kitu ila tumbo.

Yaliyosalia ni ya vitendo. Mbwa mpya apewe dawa ya minyoo, aondolewe kupe, akaguliwe ukurutu, na jike afungwe kizazi au dume ahasiwe, kwa kuwa mimba ya mbwa ni siku zipatazo 63 na vibwa visivyotakiwa hurudi jalalani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamwajibisha mwenye mnyama kumtunza, na kamba fupi ya kutwa nzima juani si utunzaji. Chanjo ya kichaa hutolewa tangu umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Usingoje kampeni za Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, bali mwite bwana mifugo wa kata yako mara tu umchukuapo. Na kwa kuwa chupa moja ya chanjo aghalabu huwa na dozi 10, ambazo haziwekwi ikishafunguliwa, wapitie majirani siku moja kabla, waje na mbwa wao uani kwako asubuhi ileile.